Dokta, Daktari, Tabibu: Namna ya Kumwita Aliyekutibu

Nilikuwa na miaka 24, koti jeupe likiwa bado linanuka duka, siku mzee wa rika la babu yangu aliponivulia kofia mlangoni pa zahanati na kusema, "Shikamoo, dokta." Marahaba ilinikwama kooni. Nikamwambia, "Babu, shikamoo ni yangu mimi kukupa wewe, na huo udokta sinao." Akacheka, akakaa kwenye benchi, kisha akaanza: "Sasa dokta, huu mgongo…"

Nimeitwa hivyo miaka 33, hadi nastaafu, na sijawahi kuwa daktari hata siku moja. Mimi ni afisa tabibu: stashahada ya miaka mitatu na zahanati tatu za vijijini mkoani Morogoro. Kwa hiyo haya ninayokuelekeza si ya kuhadithiwa.

Anza kwa kutenganisha mdomo na karatasi. Mdomoni, "dokta" ni heshima tu, sawa na fundi au mzee. Mwite hivyo anayekuhudumia, hutavunja kitu. Karatasini mambo ni mengine. Pale daktari ni mtu aliyesoma shahada ya udaktari miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa utarajali, yaani kujifunza kazi kwa vitendo, hospitalini, ndipo akasajiliwa. Kwa Tanzania Bara usajili huo uko kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Daktari wa meno naye ni daktari, asikudanganye mtu kwamba ni fundi wa kung'oa. Daktari akirudi chuoni akachukua uzamili wa fani moja, tuseme upasuaji au magonjwa ya watoto, huyo sasa ni daktari bingwa. Anayezama zaidi ndani ya fani hiyo huitwa bingwa bobezi.

Zahanati ya kijijini kwako haina hao. Ina tabibu, muuguzi na mhudumu. Tabibu anapima malaria, anashona jeraha la panga, anaandika dawa na kukupa rufaa jambo likimzidi. Kati ya tabibu na daktari yupo daktari msaidizi, yaani tabibu aliyerudi shule miaka miwili. Hilo neno "msaidizi" lisikufanye umdharau. Hospitali nyingi za wilaya, mama akishindwa kujifungua usiku wa manane, aliyeshika kisu kwa miaka mingi amekuwa yeye. Ukiniuliza mimi, huyo aitwe dokta na apishwe njia.

Serikali nayo imetuchanganya kidogo. Mganga Mkuu wa Wilaya ni daktari wa shahada. Mganga Mfawidhi wa zahanati yangu nilikuwa mimi. Hapo "mganga" ni cheo cha ofisi, si elimu. Halafu kuna yule wa bango la kwenye nguzo ya umeme: "Dokta", namba ya simu, kisha vidonda vya tumbo, kisukari, kurudisha mpenzi, vyote kwa mtu mmoja. Tiba asili ina sheria yake tangu 2002 na baraza lake, na anayeifanya kwa usajili ana jina lake zuri tu: mganga. Limetoka kwenye kuganga, lile la "yaliyopita si ndwele, tugange yajayo". Sielewi kwa nini alikimbie.

Sasa kosa linaloniudhi kuliko yote. Nilikuwa nimempeleka mgonjwa wa rufaa hospitali moja kubwa. Wodini wakaingia watu wawili, mama mmoja mwenye miwani na kijana mrefu. Jirani wa kitanda akamgeukia kijana: "Dokta, sijalala jana." Kisha akamwambia yule mama, "Sista, niletee maji." Mama akamletea maji, akasubiri anywe, ndipo akaanza kumpima tumbo. Bingwa alikuwa yeye. Kijana alikuwa muuguzi, zamu yake ya kwanza wiki ile. Kwa hiyo soma kitambulisho kifuani kabla ya kuangalia ndevu. Muuguzi wa kike amezoea "sista", wa kiume hana neno lililotulia. Mimi huwaita wote "muuguzi", na sijaona aliyenuna. Nao wana baraza lao na leseni zao.

"Dk." ya magazetini ni jambo jingine kabisa. Hayati Dk. Magufuli alikuwa na shahada ya uzamivu ya kemia. Dk. Hussein Mwinyi wa Zanzibar ni daktari wa kutibu watu. Alama ni moja, lakini homa ungeipeleka kwa mmoja tu.

Dukani pa dawa, "dokta" wa nyuma ya kaunta anaweza kuwa mfamasia mwenye shahada ya miaka minne, au mtoa dawa wa duka la dawa muhimu aliyepewa mafunzo mafupi. Uliza tu, "Mfamasia yupo?" Ndugu zetu wa Kenya wao humwita mfamasia daktari, na wako chama kimoja cha wafanyakazi na madaktari. Waingereza nao wana lao: mpasuaji wao anataka aitwe "bwana", mazoea ya tangu wapasuaji walipokuwa chama kimoja na vinyozi, hadi walipotengana 1745.

Yapo mahali ambapo usikubali kuondoka hujui ni nani amekuhudumia: unaposaini fomu ya kukubali upasuaji, unapojaziwa PF3, ile fomu ya polisi ya aliyejeruhiwa, na unapoambiwa "hamna kitu, rudi nyumbani". Hilo la mwisho ndilo baya. Niliwahi kuletewa mtoto wa miaka mitatu akiwa na degedege. Baba yake aliapa kwamba daktari wa kituo kingine alishamwona juzi yake usiku, akasema ni mafua. Nikafungua daftari la mtoto, lile la shule ambalo kila mgonjwa huja nalo. Hakuna tarehe, hakuna kipimo, hakuna sahihi. Aliyewaona alikuwa mhudumu wa usafi aliyevaa koti kwa sababu ya baridi. Mtoto alipona, lakini usiku ule sikulala.

Namna ya kuuliza bila kumwudhi mtu ni hii: toa daftari, lifungue, sema, "Samahani, naomba uniandikie jina lako na kazi yako, nikirudi nijue nimuulizie nani." Tabibu ataandika tabibu. Daktari ataandika daktari. Anayesitasita na kalamu mkononi, muulize kwa upole kama mkubwa wake yupo.

Mimi nyumbani nimeshindwa. Juzi jirani kaniletea mbuzi aliyevimba tumbo, "Dokta, nisaidie." Nikamweleza kwamba hata nilipokuwa kazini sikuwa wa mbuzi. Nikampigia simu bwana mifugo wa kata. Akapokea mlio wa kwanza: "Naam, dokta?"