Kuteleza Si Kuanguka: Jinsi ya Kuendesha Baiskeli ya Milimani Kwenye Tope

Mvua ikianza, wengi huitundika baiskeli ukutani wakasubiri jua. Siwalaumu. Lakini anayeendesha kwenye ukavu tu hujifunza nusu ya kazi, maana njia kavu huficha makosa na tope huyaanika. Ninapotoka na wageni wa njia za porini wakati wa mvua, nawapitisha kwenye hatua hizi, kwa mpangilio huu huu.

Hatua ya 1: Pima udongo kabla hujapanda

Matope si mamoja. Udongo wa kichanga hunywa maji haraka, na saa chache baada ya mvua huweza hata kushika tairi vizuri kuliko ulipokuwa vumbi. Udongo wa mfinyanzi ni habari nyingine kabisa: hunata, hujaa kati ya gurudumu na foko (uma unaolishika gurudumu la mbele), mwisho wewe ndiye unayeibeba baiskeli iliyopaswa kukubeba.

Chukua bonge dogo, lifinye kiganjani. Likimeguka, twende. Likikubali kuviringishwa likawa kamba, rudi nyumbani. Wala si kwa ajili yako peke yako. Tairi likizama huchimba mfereji, mvua inayofuata hupita humo humo, na baada ya muda njia inakuwa korongo. Mimi hutazama nyuma kila baada ya muda: nikiona nimeacha chapa ya tairi, naendelea, nikiona nimeacha mfereji, nageuza.

Hatua ya 2: Matairi na upepo

Watu hudhani tairi likiwa pana zaidi ndivyo linavyofaa zaidi. Kwenye ute laini, tairi pana mno huelea juu. Tairi la inchi 2.2 au 2.3 hivi, lenye meno marefu yaliyoachana, huukata ute hadi kwenye udongo mgumu ulio chini, na pia huacha nafasi ya tope kupita kwenye fremu. Meno yaliyobanana hujaa tope, na muda si muda unaendesha kipara.

Punguza upepo kidogo, psi 2 hadi 4 (psi ni kipimo cha msukumo wa upepo) chini ya kiasi unachotumia wakati wa ukavu. Kama matairi yako yana tyubu, usipitilize: likigonga jiwe, tyubu hubanwa kwenye rimu na kutoboka matundu mawili pacha, na kuziba pancha mvuani vidole vikiwa na baridi ni adhabu.

Hatua ya 3: Breki

Hapa ndipo penye kazi yenyewe, kwa hiyo tukae kidogo.

Kwanza kagua pedi, vile vipande vya breki vinavyobana diski ya gurudumu. Maji yaliyochanganyika na mchanga huzila kama msasa. Pedi laini za resini zina breki tulivu lakini huisha upesi sana kwenye tope. Zile za chembe za metali hupiga kelele, ila hudumu. Niliwahi kuondoka asubuhi na pedi nilizoziona zinatosha. Kabla ya jioni mkono wa breki ulikuwa unagusa usukani, nami nikateremka mlima mzima kwa miguu, nikiikokota baiskeli mithili ya mbuzi mkaidi. Siku hizi nabeba pedi za akiba. Kama breki zako ni za kubana rimu, ziguse kidogo mapema ili zifute maji kwanza, la sivyo utazibonyeza na kitu hakitatokea kwa mita kadhaa.

Sasa namna ya kuzitumia. Tairi lina mshiko wa kiasi fulani tu, na mshiko huo ndio unaogawanywa kati ya kufunga breki, kukata kona na kusukuma. Kwenye ukavu unabaki, kwa hiyo unaweza kufanya yote pamoja na usijue. Kwenye tope hautoshi kwa mawili. Fanya jambo moja, limalize, ndipo ufanye jingine. Punguza mwendo ukiwa bado umenyooka, mahali penye changarawe au udongo mgumu. Kisha achia breki. Kisha ndipo ukate kona. Anayegundua katikati ya kona kwamba ana kasi kubwa amechelewa, na breki ya mbele haitamsaidia bali itamlaza.

Gurudumu la nyuma likichepuka, liache lichepuke. Hapa ndipo ule usemi wa kuteleza si kuanguka unapopata maana yake: ukilegeza mikono na kuendelea kutazama unakokwenda, baiskeli hujinyoosha yenyewe mara nyingi kuliko unavyofikiri. Gurudumu la mbele likiteleza, hilo ni jingine. Ndiyo maana kifua kisirudi nyuma kwa woga. Bila uzito juu yake, tairi la mbele halishiki kitu.

Hatua ya 4: Mizizi na mawe

Mzizi uliolowa, hasa uliochubuka gome, huteleza kuliko tope lenyewe. Uvuke kwa kuukata msalaba, baiskeli ikiwa wima, bila breki na bila kukanyaga pedeli. Mzizi uliolala kwa mshazari ndio mbaya kuliko yote, kwa kuwa hulivuta gurudumu lifuate mkondo wake. Ukiweza, nyanyua kidogo gurudumu la mbele lipite juu bila kuugusa. Mbao za madaraja madogo zina tabia hiyo hiyo: ingia umenyooka, toka umenyooka.

Hatua ya 5: Vilima na madimbwi

Ukipanda, kaa kitini, inamisha kifua kuelekea usukani, chagua gia nyepesi kabla mlima haujaanza na kanyaga mfululizo bila mishtuko. Ukisimama na kukanyaga kwa hasira, gurudumu la nyuma litazunguka bure.

Dimbwi unalolijua, pita katikati. Kila mtu akilikwepa kando, njia hupanuka na mimea ya pembeni hufa. Dimbwi usilolijua, shuka, tafuta kijiti upime kina.

Hatua ya 6: Ukirudi

Osha tope kabla halijakauka, kwa ndoo na brashi au maji ya taratibu. Mashine ya maji yenye msukumo mkubwa inapendeza macho, lakini husukuma maji na mchanga ndani ya beringi za habu (kitovu cha gurudumu) na za ekseli ya pedeli, ikaondoa grisi iliyokuwa ikizilinda.

Futa mnyororo kwa kitambaa hadi ukauke, ndipo utie mafuta mazito ya msimu wa mvua, tone kwa kila kiungo, uzungushe pedeli, kisha ufute yaliyobaki nje. Mafuta mepesi ya kiangazi huoshwa na maji kabla hata hujafika nusu ya njia. Tahadhari tone lisiruke kwenye diski. Mwishowe chungulia pedi tena kwa tochi. Zikibaki unene wa chini ya milimita 1, badilisha usiku huo huo, maana asubuhi utasahau.