Gari Lako Likivutwa Kutoka Maegesho: Jinsi ya Kuliepusha na Kulikomboa

Magari mengi huvutwa kwa sababu dereva alisoma bango la juu akaliacha la chini. La juu linaruhusu kuegesha, la chini linakataza saa au siku fulani. Soma yote, kisha nenda mpaka nguzo inayofuata, mbele na nyuma, uone mishale inaelekea wapi. Mabango ya muda, yale yanayowekwa kwa ajili ya ujenzi au sherehe, huweza kuja baada yako, kwa hiyo gari lisiachwe siku nyingi bila kuchunguliwa. Mbele ya geti, kwenye bomba la zimamoto au nafasi ya walemavu, usiegeshe hata dakika tano. Taa za hazadi hazikupi ruhusa yoyote. Kabla hujaondoka, piga picha moja inayoonyesha gari pamoja na bango.

Ukikuta wavutaji wanalifunga gari lako minyororo, uliza kwa utulivu kama unaweza kulipa hapo hapo likashushwa. Sehemu nyingi hukubali kwa ada ndogo kuliko ya yadi, yaani uwanja yanakohifadhiwa magari yaliyovutwa. Usijitupe ndani ya gari wala usishike minyororo. Kama hawakubali, waambie gari lako linaendeshwa na magurudumu yapi. La magurudumu ya mbele linyanyuliwe mbele. La foo wili na la umeme yapakiwe juu ya lori, magurudumu yote manne yasiguse barabara. Katika giaboksi nyingi za otomatiki, pampu ya mafuta huzungushwa na injini. Injini ikiwa imezimwa huku magurudumu yanayoendesha gari yakizunguka barabarani, giaboksi inazunguka bila kulainishwa na inaweza kuungua. Hendibreki ikiachwa imefungwa, tairi za nyuma huburutwa mpaka zinalika upande mmoja.

Ukikuta nafasi tupu, piga kwanza namba iliyo kwenye bango, halafu polisi, uwape namba ya gari. Wao ndio watakaokuambia kama limevutwa au limeibwa. Uliza yadi inafungwa saa ngapi, jumla ni kiasi gani na malipo ni kwa njia gani. Beba kitambulisho, leseni, kadi ya gari na funguo. Malalamiko yasubiri: ada ya kulihifadhi huhesabiwa kwa siku, na kubishana wiki nzima kunaweza kugharimu kuliko faini yenyewe.

Yadini, usisaini kitu kabla hujalizunguka gari. Tazama chini ya bampa, kingo za rimu, na sehemu minyororo ilipofungwa. Washa injini, jaribu gia zote, sogeza gari mita chache, kisha angalia kama kuna mafuta yaliyodondoka pale lilipokuwa. Kasoro yoyote ipigwe picha humo humo ndani na iandikwe kwenye fomu; ukishatoka getini, watasema umeligonga mwenyewe njiani.

Kama unaona wamekuonea, lipa, kisha andika kwenye risiti kwamba umelipa huku unapinga. Dai risiti inayotenganisha faini, kuvuta na kuhifadhi, pamoja na saa gari lilipochukuliwa. Rufaa iwe ya maandishi, iambatane na picha ya bango, na ifike kabla ya siku ya mwisho iliyotajwa kwenye notisi.