SOMO: Homa ya mafua ikiingia chumbani hosteli, fanya hivi

Ndugu wanachama, mitihani ikikaribia, zahanati ya chuo ninayohudumu hapa Dar hupokea wanafunzi wa chumba kimoja wakifuatana: leo mmoja, keshokutwa wenzake wawili. Tangu virusi vikuingie hadi uanze kuumwa hupita siku 1 hadi 4, na mgonjwa huanza kuambukiza takribani siku moja kabla hajajisikia vibaya. Kwa hiyo mpango wa chumba ufanywe mkiwa bado wazima.

Hatua ya 1: Kubalianeni mapema
Najua kubebana (wawili kulala kitanda kimoja) kupo, vyumba havitoshi na pango la mtaani ni ghali, sitamlaumu mtu. Ila wiki ya kwanza ya muhula kaeni mkubaliane: akiugua mmoja, apewe kitanda cha dirishani, na aliyekuwa analala naye atafutiwe pengine. Wa kitanda cha jirani ageuze kichwa upande wa mbali. Kila mtu awe na kikombe, kijiko na taulo yake. Madirisha yawe wazi, usiku pia. Mkiogopa mbu, fungeni chandarua, msifunge dirisha.

Hatua ya 2: Jua unaumwa nini
Mafua ya kawaida huja taratibu, kwa chafya na pua kutiririka. Homa ya mafua huangusha mtu ghafla: asubuhi uko kwenye kipindi, jioni mwili unachemka, misuli inauma, kikohozi kikavu na huna nguvu hata ya kwenda bafuni. Shida ni kwamba malaria nayo inaweza kuanza hivyohivyo, na kukohoa hakuthibitishi kwamba huna malaria. Nendeni mkapime, tafadhali. Ni kutobolewa kidole tu, na kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa. Malaria iliyocheleweshwa inaua, na inauma zaidi kumpoteza kijana kwa sababu chumba kizima kilisema "hayo ni mafua tu".

Hatua ya 3: Siku za kitandani
Pumzika, kunywa maji, uji na supu. Kwa homa na maumivu, mtu mzima anameza parasetamoli vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Soma pakiti za dawa za mafua, kwani nyingi zina parasetamoli ndani, na ukichanganya unaweza kuumiza ini. Aspirini asipewe aliye chini ya miaka 18.

Azuma na amoksilini ziacheni dukani. Hizo ni za bakteria, haziui virusi. Utamaliza bumu, hela yako ya kujikimu, bure na kuwazoesha bakteria dawa utakayoihitaji siku nyingine.

Hatua ya 4: Usiwapelekee wengine
Siku 3 au 4 za mwanzo ndizo za kuambukiza zaidi. Mwenzako akuletee chakula. Ukilazimika kutoka, vaa barakoa. Kohoa kwenye kiwiko, nawa kwa sabuni sekunde 20, futa simu, kitasa na swichi. Rudi darasani homa ikishakaa saa 24 bila kurudi, na bila dawa ya kuishusha.

Hatua ya 5: Dalili za kukimbilia hospitali
Kuhema kwa shida, kifua kuuma, kuchanganyikiwa, kutapika kila kitu, au homa iliyopoa kisha ikarudi kwa nguvu. Usisubiri kukuche.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kesho nina tesiti. Nikikosa alama zinapotea. Nifanyeje?*
Njoo zahanati leo, kabla ya tesiti. Ukionwa leo, daktari ataandika hali aliyoikuta, ila ukija baada ya siku 3 umepona, hana cha kuandika. Mjulishe mwalimu kabla ya muda wa mtihani, na soma kanuni za mitihani za chuo chako.

*Kujifukiza kunatibu?*
Mvuke unaweza kukupa nafuu ya pua iliyoziba, lakini hauui virusi. Sufuria ya maji ya moto kati ya vitanda vya dabo deka imeshaunguza watu. Chai ya tangawizi au asali yenye limao inalainisha koo vilevile, bila hatari hiyo.

*Chanjo ipo? Mbona hatuambiwi?*
Ipo, na hutolewa kila mwaka kwa sababu virusi hubadilika. Shirika la Afya Duniani hupitia muundo wake mara mbili kwa mwaka. Hapa nchini ulizia kwanza hospitali kubwa za binafsi. Kinga hujengeka kwa takribani wiki 2. Mwenye pumu, selimundu, kisukari au VVU, na mjamzito, wasiisubiri.

*Nina pumu na mwenzangu wa chumba ameanza kuumwa leo.*
Hama leo, hata kwa siku 4 au 5. Dawa yako ya kuvuta iwe mfukoni, na ile ya kila siku usiikatishe. Ukianza homa au kikohozi, muone daktari siku hiyohiyo na umwambie una pumu. Oseltamivir, dawa ya kupambana na virusi hivi, hufanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 tangu dalili zianze.