Jinsi ya kutengeneza mwongozo wa picha wa kusafisha kabureta ya pikipiki

Picha ambayo wengi huisahau ni ile ya kabla ya kufungua chochote: mipira imepita wapi, kebo imekaa upande gani, kibano gani kinatazama juu. Ukishafungua, huwezi tena kuipata. Basi anza nayo, kisha fuata hatua hizi.

Hatua ya 1: Chagua kazi moja

"Matengenezo ya kabureta" ni mada pana mno. Kusafisha jeti (vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupitishia petroli) ni mwongozo mmoja, kupima kimo cha boya (kielea kinachodhibiti petroli ndani ya kabureta) ni mwingine, kurekebisha sailensa (mwendo wa injini bila kuvuta mafuta) ni wa tatu. Taja pia aina ya kabureta mwanzoni kabisa. Kabureta ambayo slaidi yake (kipande kinachopanda na kushuka kupitisha hewa) inavutwa na kebo haifanani ndani na ile ambayo slaidi inanyanyuliwa na diaframu (utando wa mpira), na picha za moja zitampoteza mwenye nyingine.

Hatua ya 2: Fanya kazi yote mara moja bila kamera

Weka karatasi pembeni. Kila unaposita, kila unapoinamisha kichwa ili uone vizuri, kila unapobadilisha bisibisi, tia alama. Alama hizo ndizo picha zako.

Hili nilijifunza kwa hasara ya mtu mwingine. Mwongozo wangu wa kwanza ulijaa picha za bakuli la chini ya kabureta likifunguliwa, kazi ambayo yeyote anaiweza, lakini haukuwa na hata picha moja ya sindano ya boya, ile inayofunga petroli isiingie, ikiwa imening'inia kwenye ulimi wake. Kijana mmoja aliufuata neno kwa neno, akarudisha boya huku sindano imekaa vibaya. Alipofungua koki ya tangi, petroli ikafurika na kumwagika juu ya injini. Kwa bahati injini ilikuwa baridi. Tangu siku hiyo sindano ya boya ina picha mbili kwangu: ilivyokaa sawa, na ilivyokaa vibaya, zikiwa bega kwa bega.

Hatua ya 3: Andaa mahali

Funga koki, toa petroli iliyobaki kwenye bakuli kupitia skrubu ya chini, na ufanyie kazi nje au penye upepo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutulia chini, kwa hiyo taa ya balbu inayopata moto isikaribie. Kivuli cha mchana kinatosha, tena kinafaa kuliko jua kali, maana jeti za shaba hung'aa mpaka namba zake hazisomeki.

Tandika kitambaa cha kijivu. Juu ya cheupe, kamera ya simu hutia vyuma giza. Juu ya cheusi, oringi (pete ndogo za mpira) hupotea kabisa.

Hatua ya 4: Piga picha ukiwa upande wa fundi

Simu ikae juu ya bega la anayefanya kazi, isikae mbele yake. Ukipiga kutoka mbele, kushoto kwake kunakuwa kulia kwa msomaji. Usiisogeze simu karibu sana pia, itaweka kivuli chake juu ya kazi. Rudi nyuma kidogo, vuta picha, kisha gusa kioo pale unapotaka paonekane wazi.

Sehemu inayostahili picha nyingi kuliko zote ni skrubu ya mchanganyiko wa hewa na petroli. Weka nukta ya rangi kwenye ukingo wa kichwa chake ili mzunguko uonekane. Onyesha ikikazwa taratibu, huku mizunguko ikihesabiwa, mpaka iguse tu. Ikibanwa kwa nguvu ncha yake huharibika. Idadi ya mizunguko iandikwe kwenye karatasi, na karatasi yenyewe iingie kwenye picha. Skrubu ikitoka, panga vipande kwa mstari jinsi vinavyofuatana: kwenye kabureta nyingi ni skrubu, springi, washa, kisha oringi. Halafu piga picha ya tundu lenyewe kwa tochi. Oringi hubaki humo ikiwa imenata, na asiyeijua ataipulizia dawa ya kusafishia mpaka ivimbe.

Jeti nazo zipigwe namba zikisomeka, kubwa na ndogo kando kwa kando. Kwa sindano ya slaidi, onyesha klipu ipo kwenye mfuo wa ngapi kutoka juu. Ikishushwa mfuo mmoja, sindano inapanda na petroli inaongezeka.

Hatua ya 5: Chora kisichoonekana

Kamera haiingii kwenye njia za ndani. Kwa hizo weka karatasi laini juu ya picha iliyochapishwa, fuatisha umbo kwa kalamu, kisha ongeza njia ya petroli kwa rangi moja na ya hewa kwa rangi nyingine. Mchoro huo unamweleza msomaji dawa aipulizie wapi na aitarajie itokee wapi. Mahali hapohapo mkumbushe avae miwani, kwa sababu dawa hurudi usoni.

Hatua ya 6: Mishale na maneno

Mishale mitatu kwa picha inatosha. Maelezo yaanze na kitenzi: "Vuta pini", "Inua boya". Onyo likae juu ya picha, kabla mkono haujafanya kosa. Kwa mfano: "Usizibue jeti kwa waya wa chuma. Shaba ni laini, tundu litapanuka."

Usiandike "rudisha kwa kufuata kinyume". Kurudisha kuna mitego yake, hasa gasketi ya bakuli kutoka kwenye mfereji wake wakati wa kufunga. Piga picha zake.

Hatua ya 7: Mpe mtu asiyewahi kufungua kabureta

Kaa karibu naye, usiseme kitu isipokuwa anataka kujiumiza au kuharibu kifaa. Akirudi nyuma ukurasa, picha ya hapo haijitoshelezi. Akikuuliza swali, usimjibu kwa mdomo. Chukua simu, piga picha inayojibu, uiweke mahali alipokwama.