Waridi limenyauka na udongo una maji? Cheki mizizi kwanza

Wenye mawaridi ya kubebeshwa (yaani ua lililounganishwa juu ya mzizi wa waridi pori), hasa sisi wa Dar wenye mchanga mtupu, panya au fuko akichimba chini ya mche mizizi inaning'inia kwenye hewa, afu utaona majani yananyauka wakati udongo una maji, usikimbilie mbolea. Utingishe mche taratibu, ukiona unalegea mwagia maji mengi mpaka shimo lijae, shindilia udongo kwa mguu, kata matawi kama theluthi moja ili mizizi iliyobaki isielemewe. Mzizi wa chini huwa ni wa waridi pori na ni mbishi sana, ukibakiwa na vipande vizima unatoa mizizi mipya, ila ukijeruhiwa unapenda pia kutoa machipukizi chini ya kile kinundu cha kiungio (pale ua lilipounganishwa na mzizi), na hayo sio ua lako kabisa. Yang'oe kwa mkono pale yanapoanzia, ukikata na mkasi yanarudi mengi zaidi. Kinundu kikishakufa ndo basi, juu itaota pori tupu. Ukipanda upya zungushia shimo wavu wa waya wa matundu madogo, wa kuku wenye matundu makubwa panya wadogo wanapita tu.