Mtoto wa mgongo wazi: shughulikia choo, ndipo mkojo utulie

Binti yangu ana miaka 8. Alizaliwa na mgongo wazi (spina bifida, yaani uti wa mgongo haukufunga vizuri alipokuwa tumboni) hapa Bukavu, Kongo, na tangu ana miaka 3 namtoa mkojo kwa sonda, kale kampira kembamba kanakoingizwa kwenye kibofu, ambako wengine hukaita katheta. Nilifuata yote niliyofundishwa, na bado kila baada ya miezi michache homa ilipanda tukarudi kwenye antibiotiki. Nilijilaumu kwamba sinawi mikono vizuri. Kumbe mtoto alikuwa amejaa choo.

Wazazi wengi hatulioni hilo, kwa sababu nguo zinachafuka kila siku na tunadhani anahara. Mimi nilimnywesha maji ya majani ya mapera ili tumbo lifunge! Choo kigumu kilikuwa kimeziba njia, na kile chepesi kikawa kinapenya pembeni. Muuguzi mmoja alichukua vidole vyangu akavipitisha tumboni mwa mtoto, chini upande wa kushoto, nikagusa mabonge kama viazi vidogo. Nililia palepale. Basi kabla hujampa mtoto kama huyu dawa ya kuzuia kuhara, mpapase tumbo kwanza.

Kibofu na utumbo wa mwisho vinaendeshwa na neva za sehemu ileile ya chini ya uti wa mgongo, tena vimekaa bega kwa bega. Utumbo ukijaa unakikandamiza kibofu, kibofu hakitoi mkojo wote, na vijidudu vinazaliana katika mkojo uliobaki. Mkojo huo ukirudi juu, figo ndizo zinazoumia. Ujue pia kwamba oksibutinini, dawa ya kutuliza kibofu, inakausha choo. Usiiache kwa hiari yako. Mwambie daktari akusaidie upande wa choo.

Sisi tulianza hospitalini, kwa kumwondolea lile fungu la zamani. Baada ya hapo kazi ikawa ya nyumbani, jioni, kama nusu saa baada ya kula, kwa kuwa chakula kikiingia tumboni utumbo wenyewe huamka. Namkalisha kwenye poti, miguu ikikanyaga bidoni (dumu) ya lita 5 iliyolazwa, asining'inie. Anapuliza chupa tupu mpaka ilie, ndivyo anavyosukuma. Wengine hutumia baluni, lakini watoto wa mgongo wazi wengi hudhuriwa na mpira wa lateksi, na glavu ni hivyohivyo: omba zisizo na lateksi. Hazidi dakika 15, maana hasikii maumivu matakoni na ngozi huchubuka bila yeye kujua.

Kila baada ya siku moja tunafanya lavema, yaani kuingiza maji kwa njia ya haja kubwa ili choo kitoke. Daktari alitupimia mililita 20 kwa kila kilo, naye ana kilo 20, kwa hiyo ni mililita 400. Wako apimiwe chake, na mara ya kwanza ifanyike mbele ya muuguzi. Nachemsha maji, natia chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, kilichosawazishwa, kwa lita 1, kisha nayaacha yawe vuguvugu. Nayajaribu kwa kiwiko changu, kwa kuwa yeye akiungua hatasema. Yanaingia polepole. Bibi zetu walizoea kutia sabuni, pilipili au dawa ya miti. Mama mwenzangu, nakuomba usitie. Utumbo wa mtoto unaunguzwa kabisa.

Chakula si cha gharama: maharagi, sombe (majani ya muhogo), lengalenga (mchicha), papai, maracuja. Maji anakunywa kidogo kidogo kutwa. Nilikuwa nikimnyima maji ili asilowe shuleni, na hilo lilimdhuru mara mbili, choo na mkojo.

Sonda haikuachwa. Saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8, saa 12 jioni, na kabla ya kulala. Mwaka 1972 daktari Jack Lapides wa Michigan, Marekani, alionyesha kwamba usafi wa maji na sabuni unatosha, na kwamba jambo kubwa ni kutoa mkojo wote kibofuni kwa wakati. Mkojo ukikoma, navuta sonda kidogo kidogo, kwani mara nyingi unatoka mwingine. Tunapima kwa kikombe chenye alama. Kwa umri wake kibofu hubeba kama mililita 270 (umri ongeza 1, zidisha kwa 30). Nikipata zaidi ya hapo, najua tumechelewa. Akichafuka choo, namsafisha kutoka mbele kwenda nyuma, na nanawa upya kabla ya kugusa sonda.

Mkojo ukinuka tu, bila homa wala maumivu, sikimbilii antibiotiki. Vijidudu karibu havikosekani kwa mtoto wa sonda, na dawa za bure huvifunza ukaidi. Naongeza maji na napapasa tumbo. Lakini akipata homa, akitapika, akiumwa tumbo au mgongo, au akianza kulowa katikati ya zamu, tunakwenda siku hiyohiyo. Hapa kwetu kila homa huitwa malaria. Pima malaria, lakini dai na kipimo cha mkojo, uliotolewa kwa sonda safi kabla ya kidonge cha kwanza. Kama ana mpira wa kichwani (shanti, ule unaopunguza maji ya ubongo), na anatapika na kichwa kinamuuma, waambie haraka waukague.

Nina daftari la shule lenye mistari miwili kwa kila siku, mmoja wa mkojo na mmoja wa choo. Siku mbili zikipita bila choo naandika kwa bik nyekundu, na jioni hiyo lavema inafanywa hata kama zamu yake haijafika.