Kibarua cha uweita Nairobi: uliza bakshishi inapitia wapi

Ukitafuta zamu za wikendi Westlands, Kilimani au Karen, fika mwendo wa saa tisa alasiri. Saa saba meneja amezidiwa na wateja wa lanchi. Hata CV yako hataisoma. Beba cheti cha afya cha wahudumu wa chakula ambacho hakijapita miezi sita.

Omba Ijumaa usiku na Jumapili mchana, ndipo meza kubwa huja. Kabla ya kukubali, uliza: bakshishi ya M-Pesa inaingia kwa simu yako au kwa till (namba ya malipo ya M-Pesa) ya mkahawa? Ikiingia till, nani huiandika, na hugawanywa siku gani? Wateja wengi hawabebi pesa taslimu, kwa hivyo hapo ndipo hela zako hupotelea. Uliza pia nani hukatwa mteja akitoroka na bili.